Mnajua Mabasi Yalipo, Mbona Hampangi Ruti?

Kama kuna jambo wakubwa wa usafiri hawawezi kutuambia hawalijui, ni mahali basi lilipo. Mabasi ya mikoani yamefungwa VTS, vile vifaa vya kufuatilia mwenendo wa gari. Dereva akivuka kilomita 80 kwa saa, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inaona. Akikichezea kifaa, anatafutwa. Safi kabisa! Mwendo wa kipumbavu umetuzikia ndugu wengi, na sina huruma na mtu anayekimbiza gari huku amebeba roho za watu. Lakini naomba kuuliza: zile kumbukumbu zote, za kila basi na kila siku, zikishamaliza kumkamata dereva zinafanya kazi gani nyingine? Ni ruti ipi abiria wa kawaida ameona ikinyooshwa, ni kituo kipi kimehamishwa, kwa sababu ya kumbukumbu hizo, yaani nyayo za magari?

Tumepewa darubini, tunaitumia kama rungu.

Twende mjini Dar es Salaam, kwenye maumivu yenyewe. Chukua gari moja la Mbagala Rangi Tatu kwenda Kariakoo asubuhi, lenye kifaa kinachoandika mahali lilipo kila baada ya sekunde 30. Gari likitembea, nukta zinaachana. Likisimama, zinarundikana. Nukta 20 mahali pamoja ni dakika 10 za watu kubanana na kutoa jasho. Gari moja huenda limepata pancha, sawa. Lakini magari mia yakirundika nukta palepale, saa ileile, Jumatatu hadi Ijumaa, hiyo si pancha tena. Hapo kuna makutano mabovu, au kituo kimewekwa pabaya, au upande mmoja unaruhusiwa huku mwingine ukisahauliwa. Hakuna kikao cha wadau, hata kikiwa na chai na posho, kitakachoonyesha hilo kwa uwazi kama rundo lile la nukta.

Halafu kuna kukatisha ruti. Gari ubavuni limeandikwa Gongo la Mboto, likifika Banana konda anapiga kelele: “Mwisho wa gari!” Abiria anashuka akilaani, anatafuta jingine, analipa upya. Dawa yetu ni ileile ya siku zote: faini. Ni kosa, sibishi. Lakini dereva ana hesabu ya tajiri kichwani, na kama kile kipande cha mwisho kinamla muda kuliko njia nzima aliyotoka nayo, atageuza tu, leo na kesho. Nyayo za magari zingetuambia yanageuzia wapi, saa ngapi na kwa wingi gani. Tukishajua, tunaweza kuanzisha ruti fupi yenye magari yake na nauli yake. Faini haijawahi kupunguza foleni hata kwa mita moja.

Abiria naye ameshajipangia. Jioni anapanda gari linalokwenda kinyume na kwake, anageuza nalo, analipa nauli mara mbili ili apate siti. Hilo nyayo hazitalionyesha, kwa sababu zinafuata gari, hazihesabu vichwa. Kwa hiyo mtu wa kusimama kituoni na kuhesabu bado tunamhitaji. Ila angalau atajua asimame kituo gani na saa ngapi.

Msiniambie ni gharama. Nairobi, wanafunzi wa chuo kikuu walipanda matatu, daladala za kwao, wakiwa na simu mikononi, wakarekodi njia na vituo. Mradi huo, Digital Matatus, uliwaunganisha Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa MIT na Columbia, na mwaka 2014 ukatoa ramani ya ruti zaidi ya 130 ambazo miaka yote zilikaa vichwani mwa makonda. Mwaka 2015 ruti hizo zikaingia kwenye Google Maps. Simu na nauli! Sisi tunashindwa nini?

Na msinitishe kwa faragha. Ondoeni namba ya gari, ondoeni jina la dereva, bakizeni njia na saa. Faragha hiyo mbona haisemwi pale simu zetu zinapoipelekea Google mwendo wetu barabarani, nayo ikatuchorea foleni ya jiji letu kwa rangi nyekundu? Kampuni ya Marekani inajua jam ya Tazara ilivyo saa hii. Mpangaji wa ruti zetu anajua kwa chanzo gani?

Madai yangu ni matatu. Kumbukumbu za VTS, zikishaondolewa majina, zifunguliwe kwa halmashauri, vyuo na yeyote mwenye akili ya kuzichambua. Daladala zirekodiwe pia, hata kwa simu ya konda, bila nyayo hizo kutumika kumkamata mtu. Mkizigeuza mtego, simu zote zitazimwa kwa siku moja. Na kila ruti ipitiwe upya kila mwaka, ushahidi ukiwa mezani, wananchi wakiuona.

Mkikataa, basi muache kutuambia kwamba ruti za mji huu zinapangwa na wataalamu. Zinapangwa na makonda, nanyi mnawatoza faini kwa kufanya kazi yenu.