Fumbwe Wawili na Wimbo wa Mlezi

Anayesafiri kutoka Mombasa kwenda bara baada ya mvua, akipita nyika za Tsavo, huenda akabahatika kumwona fumbwe dume: kichwa cheusi, kisogo cha dhahabu, na mkia mweusi uliopita mwili wake kwa urefu, ukisongoka hata ukaishia ncha. Anaye nduguye katika misitu ya miombo ya Tanzania, Zambia na Malawi, ambaye mkia wake ni mpana na butu. Msimu wa kuzaa ukiisha, madume huyavua mapambo hayo wakabaki mfano wa shomoro. Ama majike, hao hata mjuzi huwachanganya.

Basi, dada zangu, jike humtambuaje mume wa jamaa yake?

Fumbwe hajengi kiota wala halei. Hutaga katika kiota cha ndege mwingine mdogo: huyu wa Tsavo kwa ndege mwenye mbawa za kijani, yule wa miombo kwa mwenye mbawa za rangi ya machungwa. Tusimlaani upesi, kwani kinda wake hawaui watoto wa nyumba. Hulelewa pamoja nao, na ndani ya kinywa chake, Subhanallah, mna alama mfano wa zao, hata mama mlezi akamlisha bila kubagua.

Mwaka 1964 mtaalamu wa Kijerumani, Jürgen Nicolai, alieleza kwamba fumbwe dume huimba wimbo wa baba mlezi. Jike naye, aliyeusikia wimbo uo huo utotoni, humwendea dume auimbaye. Hivyo ndivyo jamaa mbili hizi zisivyochanganyika.

Sisi tunaolea mayatima twajua kuwa mtoto huitwa kwa jina la baba yake mzazi, nasaba isipotee. Fumbwe naye humwota mkia wa ukoo wake, ijapokuwa mlezi hana mkia wa namna hiyo. Lakini usemi wake ni wa nyumba iliyomlea.

Wataalamu waliwahi kuwalelesha makinda wa jamaa nyingine ya fumbwe kwa ndege wa kufugwa, wageni kabisa kwao. Madume walikua wakiimba wimbo wa wageni hao. Na majike, ulipofika wakati wao wa kutaga, waliviendea viota vya ndege wa aina ile iliyowalea, wakaviacha vya wale waliowalea mama zao.