Tujiandikishe bima kabla ziwa halijafungwa

Kila ifikapo Desemba 1, Zambia hufunga uvuvi katika Ziwa Mweru hadi mwisho wa Februari ili samaki wapate kuzaliana. Mfanyabiashara wa Puta, Kashikishi au Nchelenge haihitaji kalenda kuikumbuka tarehe hiyo. Wiki za mwisho za Novemba watu hukimbizana kukusanya madeni na kununua magunia ya mwisho ya chisense, dagaa wa ziwa hili, ili yapakiwe kwenda Mansa, Copperbelt na Kasumbalesa. Baada ya hapo pesa huadimika.

Miezi hiyo hiyo ndiyo ya mvua, na mvua huku huja na malaria. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zenye malaria nyingi kuliko zote nchini Zambia. Maana yake ni kwamba ugonjwa hubisha hodi wakati mfuko uko mtupu. Mtaji uliotafutwa kwa miezi tisa unaweza kuteketea kwa mgonjwa mmoja tu, na Machi, ziwa linapofunguliwa, mwenye mtaji huo anaanza upya kwa mkopo.

Ndiyo maana leo tunazungumzia kujiandikisha bima ya afya, na tunaomba wasomaji wetu wasione kuwa ni habari ya watu wa ofisini.

Ni kweli kwamba ofisini jambo hili ni jepesi. Chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Taifa Namba 2 ya mwaka 2018, mfuko unaosimamiwa na NHIMA ulianza kupokea michango Oktoba 2019. Mfanyakazi hukatwa asilimia 1 ya mshahara wa msingi, na mwajiri huongeza asilimia 1. Mwalimu hukatwa kabla mshahara haujamfikia. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mwenzi wake na watoto wameandikwa kwa majina sahihi.

Mwenye meza sokoni hana karani wa kumkata. Hata hivyo, sheria haikumsahau. Aliyejiajiri huchangia asilimia 1 ya kipato anachokitaja mwenyewe. Anayetaja kipato cha Kwacha 3,000 kwa mwezi atalipa Kwacha 30, yaani Kwacha 360 kwa mwaka. Kwa miezi mitatu ya ziwa kufungwa ni Kwacha 90. Mtu anayenunua dagaa kwa magunia anaweza kuzitenga Kwacha 90 mwezi Novemba. Mwezi Januari, huenda asizipate.

Lipo jambo la pili ambalo wengi wetu hatupendi kulisikia. Mfanyabiashara mwenye msaidizi ni mwajiri. Kijana anayekaa dukani kwako kwa mshahara wa mwezi, au dada unayemlipa kwa mwezi akuanikie samaki, anastahili kuandikwa kama anavyoandikwa karani wa serikali. Akilipwa Kwacha 1,500, yeye atachangia Kwacha 15 na wewe Kwacha 15. Tunalalamika kwamba serikali haziwaoni wafanyabiashara wadogo, ilhali nasi hatuwaoni wanaotubebea mizigo.

Wapo watakaouliza: kwa nini tulipe, wakati ada za matibabu katika zahanati za vijijini zilifutwa tangu 2006? Swali ni la haki. Dawa ya malaria ya kawaida haijamfilisi mtu. Kinachofilisi ni upasuaji, vipimo vikubwa, kulazwa mbali na nyumbani, na dawa ambayo hospitali haina, mgonjwa akaelekezwa duka la dawa. Bima inakatwa kwa ajili ya siku hiyo.

Tena bima haikatwi mgonjwa akiwa mlangoni. Waliochangia kwanza Oktoba 2019 walianza kutibiwa Februari 2020. Ilikuwa miezi minne ya kusubiri. Kila mfuko una namna yake ya kusubirisha, na kila mfuko una orodha ya hospitali na maduka ya dawa uliyoingia nayo mkataba. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: nitaanza kutibiwa lini, wapi karibu nami kadi hii inapokelewa, na kitu gani haigharimii. Andika majibu, na utunze stakabadhi.

Majirani wetu nao wanahangaika na tatizo hili la kipato kisicho na mwezi. Rwanda, mwaka wa mutuelle de santé huanza Julai 1 na kila kaya hujua tarehe yake. Tanzania, chini ya CHF iliyoboreshwa, kaya ya watu sita ililipa Sh30,000 kwa mwaka. Kenya, tangu SHA ianze kazi Oktoba 2024, mchango ni asilimia 2.75 ya kipato. Mwenye mshahara hukatwa kila mwezi, na asiye na mshahara alitakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, hadi serikali ilipoanzisha utaratibu wa kulipa pole pole kwa mkopo. Tunachojifunza ni kwamba tarehe ya kulipa ikifuata mshahara wa ofisini, mkulima na mchuuzi huachwa nje.

Na hapa Mweru kuna ugumu mwingine: mpaka. Wabwile wako Puta na wako Pweto, ng'ambo ya pili, nchini Kongo. Wanaoana, wanazikana, wanauziana. Lakini sheria ya Zambia inamwandikisha raia au mkazi aliyethibitishwa. Mama wa Pweto anayelala Puta siku tatu kwa ajili ya soko hayumo. Na wa Puta akiugua akiwa Pweto, kadi yake ni plastiki tu.

Lori linaloondoka Nchelenge na samaki kwenda Lubumbashi lina bahati kuliko mwenye mzigo. Lori lina Kadi ya Njano ya COMESA, bima inayotambuliwa Zambia, Kongo, na hata Tanzania ambayo si mwanachama wa COMESA. Lori likimgonga mtu ng'ambo, kuna wa kulipa. Mfanyabiashara aliyeketi ndani ya lori hilo akiugua njiani, hana pa kukimbilia. Ikiwa nchi zetu ziliweza kukubaliana juu ya chombo, haziwezi kusema kwamba jambo la mtu ni gumu mno.

Rai yetu ni hii. NHIMA ipeleke maofisa wake mialoni na masokoni Oktoba na Novemba, iandikishe watu kwa kushirikiana na vyama vya wafanyabiashara, na impe mchuuzi nafasi ya kulipia mwaka mzima kabla ziwa halijafungwa. Serikali za Zambia na Kongo zianze na jambo dogo linalowezekana: hospitali chache za pande mbili za Mweru zitambue kadi ya mwenzake kwa dharura na uzazi, kisha zidaiane.

Nasi wafanyabiashara tusingoje mikutano hiyo. Gunia la kwanza la Novemba likiuzwa, tutenge fedha za bima kabla hatujanunua la pili. Tuwaandike wenzi wetu, watoto wetu na wanaotufanyia kazi. Machi nyavu zitarudi majini, na tunataka kila mtu awepo na mtaji wake.