Malezi Yetu: Mtoto Aliyeachwa Wakati wa Mpunga



Mvua zinapoanza katika bonde la Kilombero, nyumba nyingi za Ifakara na vijiji vyake hubaki na watu wachache. Wazee huelekea mashambani, wengine mbali sana, wakakaa huko miezi kadhaa wakilima, wakipalilia, na mwisho wakiamia ndege mpaka mpunga uvunwe. Watoto wadogo huchukuliwa. Mwenye kusoma huachwa asije akakosa masomo: huachwa kwa bibi aliyechoka, au kwa dada ambaye naye ni mtoto, au katika chumba cha kupanga karibu na shule, pamoja na mchele wake na fedha kidogo.

Hatuwalaumu wazazi hao. Mpunga ndio chakula, ndio sare, ndio madaftari. Lakini mtoto yule akinyang'anywa mchele wake na wanafunzi wakubwa, akalazimishwa kuwafulia nguo, akabandikwa jina la kumdhihaki kwa sababu ya kabila lake au kwa kuwa baba yake ni mfugaji, atamwambia nani? Mwenye tabia ya kuonea haonei mbele ya mwalimu. Hutafuta mahali pasipo jicho la mtu mzima: njiani, chooni, bombani, chumbani usiku. Na msimu wa mpunga huyaondoa macho mengi kwa mara moja.

Sheria tunayo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumtesa na kumdhalilisha mtoto, na simu namba 116 hupokea habari za watoto bila malipo. Hayo ni mema, ila mtoto wa miaka kumi na minne asiye na simu hawezi kuyafikia peke yake.

Huko Norway, mwaka 1983, baada ya wavulana watatu kujiua, yaelekea kwa sababu ya mateso ya wenzao, serikali ilianzisha kampeni katika shule. Profesa Dan Olweus alizifuatilia shule 42 za Bergen, na baada ya miaka miwili uonevu ulikuwa umepungua kwa kiasi cha nusu. Walifanya nini? Kanuni zilijulikana na kila mtoto, watu wazima walikuwapo uwanjani wakati wa mapumziko, na wazazi wa aliyeonea na wa aliyeonewa waliitwa wakazungumzwa nao. Hapana katika hayo jambo la fedha nyingi.

Kwetu sisi, mkutano wa wazazi wafaa uitishwe mapema, kabla watu hawajatawanyika mashambani. Kila anayekwenda na aandikishe jina la mtu mzima atakayesimama mahali pake: jirani, mwalimu wa madrasa, hata mwenye duka. Mwalimu mkuu aiweke orodha hiyo, na mwenyekiti wa mtaa au kitongoji avijue vyumba wanamokaa wanafunzi. Imamu naye aijue, maana yeye huonana na watu kila siku.

Na yule mwenye kuonea? Wengi wetu twataka afukuzwe tu. Mtume (s.a.w.) alifundisha kumsaidia ndugu aliyedhulumiwa na yule anayedhulumu pia, alipoulizwa vipi asaidiwe dhalimu, akajibu kwamba ni kwa kumzuia na udhulumu wake. Mara nyingi huyo naye ameachwa peke yake, au amejifunza ngumi nyumbani. Azuiwe, aamrishwe kurudisha alichokichukua, kisha apewe mtu wa kumwangalia.

Enyi vijana mnaosimama kando mkicheka, aya ya 11 ya Suratul Hujurat yawahusu: kudhihakiana na kuitana majina mabaya kumekatazwa humo waziwazi. Kicheko chenu ndicho kinachomtia nguvu mwonevu.

Mzazi akirudi mjini siku moja kuleta mboga, kabla ya kuuliza alama za mtihani, na amwulize mwanawe hulala na nani, hupita njia ipi, na mchele uliobaki ni kiasi gani.