Majengo ya serikali Beni na Butembo: siku za kungojea nazo ni franga

Shantie ya serikali ikisimama, wakaaji wa Beni na Butembo wanasema mara moja: franga zimekuliwa. Mara nyingine ni kweli. Lakini kuna upotevu mwingine ambao hakuna mtu anaushitaki: siku za kungojea. Mafundi wako pale, simenti haijafika. Simenti imefika, mbao haziko. Ukuta umesimama, mkaguzi bado hajakuja. Wakati ule watoto wanasomea chini ya turubai.

Mpango wa maendeleo ya teritware 145, ule PDL-145T, ulianza kazi 2022 kwa kujenga shule, vituo vya afya na majengo ya utawala. Teritware za Beni na Lubero zimo. Usimamizi uligawiwa PNUD, BCECO na CFEF. Katika majimbo mengi kazi zilichelewa.

Iko njia ya kujenga inayopigana na kungojea huko. Mzizi wake ni kiwanda cha Toyota, Japani. Katika miaka ya 1990 Wamarekani Glenn Ballard na Greg Howell waliipeleka kwenye shantie. Walikuta karibu nusu ya kazi zilizopangwa kwa wiki hazimaliziki. Dawa yao ni nyepesi: kapita na mafundi wenyewe ndio wanapanga wiki. Hakuna kuahidi kazi ambayo vifaa vyake haviko ao kibali hakijatoka. Wiki ikiisha, wanahesabu: tuliahidi kazi 10, tumemaliza ngapi? Nini ilizuia zingine?

Toyota inataka vifaa vifike siku ile ile, bila stoki. Huku haiwezekani. Simenti nyingi inatoka Uganda kupitia Kasindi, kilometa 80 hivi mpaka Beni, na shambulio la ADF linaweza kufunga barabara. Kulundika mifuko mingi nako ni hasara, juu ya unyevu unaigandisha. Stoki ndogo ya wiki chache, pakavu, juu ya mbao, inatosha.

Malipo ya Kinshasa yakichelewa, mpango wowote unaanguka. Ndiyo maana sababu ya kila kazi iliyokwama inapaswa kuandikwa kwenye kibao cha shantie, mbele ya raia. Hapo wakaaji watajua wamuulize nani: kampuni inayojenga, ao mwenye kulipa.