Kima wa Arboretum na Ripoti za River Road

Kila mwaka, muhula wa mwisho unapokaribia ukingoni, maduka ya kupiga chapa na kujalidi vitabu katika River Road hujaa wanafunzi wa vyuo vikuu waliobeba ripoti za utafiti wao wa shahada ya kwanza. Jalada huwa zuri. Yaliyomo, si mara chache, ni utafiti wa wengine ulionakiliwa. Simlaumu sana mwanafunzi. Je, alipewa wapi nafasi ya kutafiti? Mwanafunzi wa zoolojia aweza kuhitimu akijua kumpasua chura aliyekufa, asiwahi hata siku moja kumchunguza mnyama aliye hai akiishi na wenzake.

Yafaa ikumbukwe kwamba sehemu kubwa ya elimu ya tabia za wanyama imejengwa papa hapa kwetu. Nyani wa Amboseli wamefuatiliwa tangu mwaka 1971. Huko huko, Robert Seyfarth na Dorothy Cheney walificha vipaza sauti vichakani, wakawasikilizisha tumbili milio ya wenzao iliyonaswa kwenye kanda. Mwaka 1980, wao pamoja na Peter Marler walitangaza matokeo: mlio wa chui huwakimbiza tumbili mitini, wa tai huwafanya watazame juu, na wa nyoka huwafanya wasimame kwa miguu ya nyuma wakikagua nyasi. Sisi wanaisimu tungali twabishana iwapo milio hiyo yastahili kuitwa maneno. Mabishano hayo nayafundisha kutoka katika vitabu vya ng'ambo, ilhali tumbili wenyewe ni wa Kajiado!

Husemwa kwamba fedha hakuna. Lakini mbinu ya msingi, aliyoifafanua Jeanne Altmann mwaka 1974, ni kumteua mnyama mmoja, kumtazama kwa muda uliopangwa na kuandika kila alitendalo. Yahitaji saa, kalamu na subira. Kima wa Arboretum wako mwendo wa miguu tu kutoka bewa la Chiromo. Karen nako ipo taasisi ya utafiti wa nyani na jamaa zao, aliyoiasisi Louis Leakey mwaka 1960.

Idara na ziwaingize wanafunzi katika kazi hii tangu mwaka wa pili, hata watano watano, wachunguze kundi moja la kima na kuwarithisha daftari watakaowafuata. Naye mtahini, kabla ya kulifungua lile jalada la River Road, aanze kwa kuitisha daftari lenyewe, pamoja na matope na mifuto yake.