Bei ya Kujaza Ritani Itajwe Mwanzoni

Kulipa kodi ni wajibu wa kisheria. Kuilipa kampuni ili ikusaidie kutimiza wajibu huo ni hiari, na hiari haipo pale ambapo mtu hakuambiwa bei mapema. Nchini Marekani, ambako ritani za kodi za mwaka hutakiwa kufikia katikati ya Aprili, mamilioni ya watu hutumia programu za kampuni binafsi, wengi wakivutwa na tangazo la huduma ya bure. Mtu hujaza mshahara, watoto anaowalea na riba ya mkopo wa masomo. Kazi inapokaribia kwisha ndipo anapoambiwa kwamba fomu yake moja inahitaji malipo. Kosa si huduma kuwa na bei, bali ni bei hiyo kutajwa baada ya mteja kumaliza saa zake na kukabidhi taarifa zake, huku siku ya mwisho ikimkabili.

Wala hili halikutokea kwa bahati mbaya. Kampuni hizo zilikuwa na makubaliano na IRS, mamlaka ya mapato ya Marekani: ziwahudumie bure wenye kipato cha chini na cha kati, nayo serikali isijenge mfumo wake yenyewe. Mwaka 2019, waandishi wa ProPublica walifichua kwamba Intuit, mmiliki wa TurboTax, iliuzuia ukurasa wa huduma hiyo usionekane watu wanapotafuta kwenye Google. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 141 kumaliza madai ya majimbo yote 50 na jiji la Washington, D.C., bila kukiri kosa. Fedha hizo zilikusudiwa watu wapatao milioni 4.4, ambao wengi wao walitarajiwa kupata kama dola 30 tu.

Watetezi wa kampuni husema kwamba masharti yaliandikwa na mteja alikuwa na nafasi ya kuyasoma. Lakini maandishi madogo hayafuti ahadi iliyotangazwa kwa herufi kubwa. Hoja yao nzito zaidi ni kwamba bei haiwezi kujulikana kabla ya kujua mtu anahitaji fomu zipi. Hilo lina ukweli, ila lina dawa: maswali machache ya mwanzo kuhusu ajira, biashara, mikopo na uwekezaji yanatosha kumwonyesha mteja gharama yake. Na bei ikibadilika njiani, aruhusiwe kurudi kwenye huduma ya bure bila kupoteza alichokwisha kujaza.

Serikali nayo ina sehemu yake. Mwaka 2024 IRS ilianzisha Direct File, mfumo wake wa bure, kwa majaribio katika majimbo 12. Mwaka uliofuata majimbo yakawa 25, kisha mfumo huo ukasitishwa. Kenya, kwa upande wake, hupokea ritani moja kwa moja kupitia iTax bila ada. Huduma ya bure ya serikali inawezekana, ikiwa nia ipo.

Sheria iwalazimishe wauzaji kutaja gharama kabla ya kuchukua taarifa za mtu. Hadi hapo, wewe Mswahili unayeishi Marekani, uliza bei kabla ya kuandika jina lako, na ikiwa kipato chako ni kidogo, tafuta kituo cha VITA, mpango wa IRS ambako watu wa kujitolea waliofunzwa hujaza ritani bila malipo.