Imani Haikunji Mikono

Ndugu wasomaji, juma hili yafaa tuzungumze juu ya mgeni aingiaye katika kila nyumba bila kubisha hodi, naye ni dhiki. Wengi wetu tumefundishwa tangu utotoni kwamba Mkristo hana budi kuvumilia. Mafundisho hayo ni mema, lakini wako wanaodhani kwamba kuvumilia ni kunyamaza na kukunja mikono. Hebu tuwatazame jirani zetu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, upande wa Burundi, tuone kama ndivyo ilivyo.

Kutoka Rumonge, mji wa michikichi na ndagala, hadi kwenye vilima vya Bugarama, watu wameonja machungu mengi. Injili yenyewe ilifika huko kwa gharama ya damu. Mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika walifika Rumonge mwaka 1879. Na tarehe 4 Mei 1881 wawili wao, Deniaud na Augier, wakauawa pamoja na msaidizi wao D'Hoop. Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulizuka Rumonge na kwingineko kusini, ukaua watu wengi. Kisha utawala wa wakati ule ukajibu kwa mauaji makubwa zaidi nchini kote. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Tanzania, na wengi wao wakapewa mapori ya kufyeka huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walilima, wakajenga shule na makanisa, wakalea watoto ambao hawakuwahi kuliona shamba la babu yao.

Kuanzia mwaka 2008 zaidi ya 50,000 kati ya watu hao wa 1972 walirejea Burundi. Wengi waliorudi Rumonge na kandokando yake walikuta mashamba yao yakilimwa na wengine. Na hao wengine nao, wako waliogawiwa na serikali na wako walionunua. Walikuwa wamekwisha kuzika wazazi wao katika ardhi hiyo hiyo. Je, mwenye imani afanye nini hapo? Asamehe na kuondoka, au adai haki yake?

Katika Biblia yumo mama mmoja aliyepita njia hiyo, naye ni Naomi. Njaa ilimtoa Bethlehemu pamoja na mumewe Elimeleki, wakahamia Moabu. Huko ugenini alifiwa na mume na wana wawili. Aliporudi mikono mitupu, hakujifanya mwenye furaha. Aliwaambia wanawake wa mji wasimwite tena Naomi bali Mara, kwa kuwa maisha yake yamekuwa machungu. Naam, ndugu msomaji, alimlalamikia Mungu mbele ya watu, wala Biblia haimhesabii kosa. Kulia si kukosa imani.

Lakini Naomi hakukomea kwenye kilio. Mkwewe Ruthu alikwenda kuokota masazo mashambani ili wapate kula, naye Naomi akamwelekeza namna ya kumwendea Boazi, jamaa yao. Neno la shamba la marehemu likapelekwa langoni pa mji, likaamuliwa mchana mbele ya wazee kumi. Warundi hawahitaji kufafanuliwa sana habari hiyo, maana tangu zamani wanao bashingantahe, wazee waadilifu wa mlimani wanaosuluhisha magomvi. Hata Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa mwaka 2006, katika miaka yake ya mwanzo ilimaliza kesi nyingi kwa kuwapatanisha watu wagawane shamba. Kugawana kunauma pande zote mbili, bali huwaacha watoto wa nyumba mbili wakichota maji kisima kimoja.

Imani ya namna hiyo haizuki siku ya hatari; hujengwa nyumbani na shuleni, kidogo kidogo. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi, wauaji waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana wale walikataa kutengana, na 40 wakauawa. Ujasiri ule haukushuka usiku mmoja. Walikuwa wamekwisha kuzoea kusali, kula na kusemezana ukweli pamoja.

Basi akina mama na akina baba, nasi tuanze na yaliyo madogo. Jioni, kabla ya sala, kila mtu wa nyumbani apewe nafasi ya kutaja linalomlemea, hata mtoto. Msiwafiche watoto habari ya dhiki, wala msiwarithishe chuki. Mkiwa na madai ya shamba au mirathi, yapelekeni mapema mbele ya wazee na vyombo vya sheria, na mapatano yaandikwe na kushuhudiwa. Mkisikia mjane anaambiwa avumilie, ulizeni kwanza kama amekula. Ruthu hakumhubiria Naomi subira. Alikwenda shambani, akarudi jioni na shayiri.